Moyo Wote, Kasoro Shilingi 23,000

Desemba iliyopita nililia mbele ya watu sokoni Kosele. Ulikuwa usiku wa tatu wa krusedi. Spika zilikuwa zimepangwa juu ya lori, jenereta inanguruma nyuma ya maduka, na mhubiri aliyetoka mbali alikuwa akituuliza swali lile lile kwa dakika kumi nzima: umempa Mungu moyo wako wote, ama umempa kipande? Mimi ni mtu wa Umoja, Nairobi. Kanisa langu siku hizi liko kwa simu. Jumapili nasikiliza mahubiri nikiosha vyombo, tena nimeongeza spidi ili yaishe mapema. Sikuwa nimepanga kulia. Nilienda kwa sababu binamu zangu walikuwa wanaenda na nyumbani stima ilikuwa imepotea. Lakini nililia, makamasi na yote, mkono mmoja juu, mwingine mfukoni umeshikilia simu isiibwe.

Asubuhi niliamka nikiwa mwepesi kama mtu aliyepona malaria. Kufikia saa nne nilikuwa nimeshamdanganya Dani.

Dani ni nyanya yangu, mama yake baba. Mwenyewe husema ana miaka 87, kitambulisho kinasema 84. Huniita "chuora", yaani mume wangu, kama nyanya wa Kijaluo wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi chini ya mwembe akimenya viazi vitamu, na bila kuinua macho akauliza:

"Chuora, lile gari lililomleta mtoto wangu nyumbani lilikula pesa ngapi?"

"Elfu sitini na nane, Dani."

"Aa," akasema. Akachukua kiazi kingine.

Mtoto wake aliyekuwa akimsema ni baba mdogo, aliyefariki Nairobi mwaka 2023. Kama unatoka kwetu unajua kinachofuata. Maiti haizikwi Lang'ata, inarudi nyumbani, na safari hiyo ina kamati. Kila jioni kwa siku tisa tulikutana kwenye hoteli moja katikati ya jiji, tukanywa chai ya maziwa na kuandika majina na ahadi. Nilichaguliwa mweka hazina kwa sababu nilisomea biashara na kwa sababu, sijui, nina uso wa mtu mpole. Pesa zote zilikuwa zinaingia kwa laini yangu. Wiki hiyo hiyo mwenye nyumba alikuwa amepiga kufuli lake juu ya langu. Kodi ya miezi miwili, 23,000. Nikalipa. Nilijiambia huo ni mkopo, mwisho wa mwezi narudisha kimyakimya. Kwenye ripoti ya mwisho, pale kwenye gari la maiti, badala ya 45,000 nikaandika 68,000. Watu wakamshukuru mweka hazina kwa uwazi wake. Mtu mmoja akaandika kwa grupu, "Mungu akuzidishie."

Mwisho wa mwezi ulifika, halafu mwingine, halafu mwingine. Haikuwa shida ya pesa peke yake, maana kuna siku nilikuwa nazo. Shida ni kwamba kurudisha kungehitaji kusema.

Siandiki haya kwa sababu wizi wangu ni mkubwa. Katika nchi hii tumezoea kusikia mabilioni. Naandika kwa sababu ya ule usiku sokoni. Tangu hapo nimejiuliza, yale machozi yalikuwa ya nini? Jibu rahisi ni unafiki, na ningefurahi kama lingekuwa hilo, kwa sababu mnafiki angalau anajua anachofanya. Mimi sikuwa naigiza. Ungenipima usiku ule kwa mashine yoyote ungekuta nampenda Mungu. Nilikuwa tayari kwenda misheni Turkana. Nilikuwa tayari kuacha pombe, ambayo hata hivyo situmii sana. Nilikuwa tayari kutoa kila kitu, na ile 23,000 haikunijia akilini hata sekunde moja. Hapo ndipo pananitisha. Kabla ya kumficha Mungu nilikuwa nimejificha mimi mwenyewe.

Wakristo wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Augustino, mtoto wa Thagaste, mji ambao leo uko Algeria, alianza kuandika Maungamo yake yapata mwaka 397, na humo anakiri kwamba ujanani aliomba usafi wa mwili huku akitumaini Mungu asiharakishe kumpa. Anashangaa pia jinsi akili inavyouamuru mkono ukatii papo hapo, lakini ikijiamuru yenyewe inagoma. Inagoma, anasema, kwa sababu haitaki kwa ukamilifu. Sehemu inataka, sehemu haitaki. Basi swali la mhubiri wetu lilikuwa na shimo ndani yake. Anayeombwa atoe moyo wote ndiye huyo huyo ambaye moyo wake umegawanyika. Sasa nani atautoa?

Kwenye mimbari nyingi jibu ni joto. Kila mtu anakumbuka kanisa la Laodikia katika Ufunuo, lile lililokuwa vuguvugu, na dawa ya vuguvugu tunadhani ni moto: kesha kila Ijumaa, kufunga siku 21, sauti ikauke. Kijana wa mjini anaambiwa amelala, kwa hivyo anaongezewa kelele. Sina chuki na kelele, nimecheza sana mbele ya hizo spika. Lakini mimi nilikuwa moto kabisa saa tano usiku, na saa nne asubuhi nikadanganya mwanamke aliyenilea. Joto halikukosekana.

Hebu tuliangalie hili neno lenyewe, uamsho. Kwetu salamu ya asubuhi ni kuuliza mtu ameamkaje: ichiewo nade? Kwa Kiswahili pia tunauliza umeamkaje, na kumwamkia mtu ni kumsalimu kwa heshima. Ni neno la kawaida kabisa, neno la mlangoni. Unafungua mlango, unakutana na jirani, naye anakuuliza, na unapaswa kujibu. Huwezi kuiamkia hewa.

Na Afrika Mashariki tuna historia nzima iliyojengwa juu ya neno hilo. Septemba 1929, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka roho na mwili. Katika kilima cha Namirembe akakutana na Muganda mmoja, Simeoni Nsibambi, ambaye naye alikuwa akitafuta kitu ambacho kanisa lake halikuwa nacho. Walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha. Januari 1936 Kigozi alikuwa akijiandaa kuzungumza na sinodi ya kanisa la Uganda kuhusu usingizi wa viongozi wake, lakini akaugua na kufariki kabla ya kusema. Ujumbe wake wenzake waliubeba kwa neno moja la Kiganda: Zukuka. Amka. Mwaka 1937 timu ya uamsho ilifika Kabete, na mwaka 1938 Maseno, upande wetu wa ziwa. Waganda waliwaita Balokole, waliookoka. Kwa Kijaluo wakawa jomowar.

Ukisoma habari za watu hawa utakuta kuimba, kutetemeka, ndoto na kulia usiku kucha, yote yale ambayo leo tungeyarekodi na kuyaposti. Lakini kilichowashtua majirani zao kilikuwa kitu kikavu zaidi. Walikuwa wanarudisha vitu. Vitu vya wizi vilirudi kwa wenyewe, madeni ya zamani yakalipwa, mtu akaenda kwa adui yake na kusema, ni mimi. Mwafrika na mmishenari wakaungama makosa wao kwa wao ndani ya chumba kimoja, jambo ambalo katika ukoloni lilikuwa karibu kichaa. Waliliita kutembea nuruni.

Dani alikuwa mmoja wao. Ni kitu cha ajabu kidogo, kwa sababu upande huu wa Rachuonyo ni nchi ya Sabato. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, Arthur Carscallen akiwa pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, na mpaka leo ukitaka kununua sukari Jumamosi asubuhi uwe na subira. Dani alizaliwa kwa Waanglikana na akaolewa katikati ya Wasabato, mke wa pili katika boma la watu wawili waliokuwa hawapendani. Nyieke, mke mwenza wake, ndiye aliyekuwa mkubwa.

Hadithi ya jembe tumeisikia tangu tukiwa wadogo. Kabla ya uhuru, Dani akiwa na mtoto wa pili mgongoni, aliiba jembe jipya la nyieke na kulificha kwa mama yake, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Halafu akaokoka, chini ya mti, kwenye mkutano wa ndugu. Ndugu hawakumuuliza anajisikiaje. Walimuuliza kama ana kitu cha mtu. Basi akaenda kwa mama yake, akachukua jembe, akarudi nalo begani njia nzima mchana kweupe, watu wakimsalimu na kumuuliza analima wapi. Akafika, akaliweka mbele ya nyieke mume akiwepo, akasema nililiiba mimi. Nyieke akaliinua, akapitisha kidole kwenye makali, akasema: "Limetumika."

Hapo ndipo tulipokuwa tunacheka. Dani mwenyewe alikuwa anaigiza kile kidole. Limetumika! Likawa neno la nyumbani. Ukirudisha sahani ya mtu, ukirudisha chaja, limetumika. Nyieke hakumsemesha tena kwa miaka tisa, na hiyo pia ilikuwa sehemu ya kicheko.

Jioni ya siku ile niliyomdanganya, Dani aliisimulia tena, tukiwa wawili tu jikoni, moshi umejaa. Hakuigiza kidole. Alipofika mwisho akanyamaza kidogo, halafu akaongeza kitu ambacho sijawahi kukisikia. "Alipigwa kwa sababu ya jembe lile," alisema. "Lilipopotea. Mzee alisema ameliuza. Mimi nilikuwa kwangu, nasikia."

Sikujibu. Nilitoka nje nikajifanya naangalia netiweki.

Nataka kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu ni rahisi kumfanya nyanya awe mtakatifu na uamsho uwe dhahabu tupu. Haukuwa. Kwa Wajaluo kundi moja la uamsho lilijulikana kama JoRemo, watu wa damu, kwa jinsi walivyoisisitiza damu ya Kristo, na wengi waliona wamejawa na kiburi: aliyeokoka na asiyeokoka, aliye nuruni na aliye gizani, hata ndani ya kanisa moja. Matthew Ajuoga, kasisi Mwanglikana, na wenzake walipinga. Wakajiita Johera, watu wa upendo, na katika mwaka 1957 na 1958 wakatoka na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika. Wewe fikiria, watu wanaondoka kwenye kanisa lililoamshwa wakisema kinachokosekana humo ni upendo. Dani mwenyewe hukubali. Kuna wakati, anasema, ndugu walianza kuwatazama watu wengine kama ambao hawajaoga.

Na kuna jambo zito kuliko hilo. Gahini iko Rwanda. Nchi ambamo moto huu uliwaka mwanzo ndiyo nchi ambayo Aprili 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata na kwingine, mara nyingi na majirani walioimba nao. Wakati huo karibu watu tisa kati ya kumi nchini humo walikuwa Wakristo. Wapo waumini waliokufa kwa sababu walikataa kutengana na wenzao au waliwaficha, na tusiwasahau. Lakini hakuna mtu anayeweza kusema kwa uaminifu kwamba uamsho ni chanjo. Watu wanaweza kuungama wizi wa blanketi na bado wabebe ndani kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwauliza, kwa sababu kila mtu chumbani alikuwa amekibeba. Mimi nilichukua pesa nikazificha. Chuki ya kabila haifichwi hata, inakaa sebuleni na kupewa chai. Sisi wa Nyanza na wa Bonde la Ufa tulipata onjo letu mwanzoni mwa 2008, kwa hivyo tusiwaangalie Wanyarwanda kama watu wa sayari nyingine.

Halafu kuna upande wa pili, wa watu ambao hakuna mtu angewaita vuguvugu. Mwaka 2023, mwaka ule ule tuliomzika baba mdogo, msitu wa Shakahola kule Kilifi ulianza kufukuliwa, na miili zaidi ya 400 ikatolewa, watu waliofunga hadi kufa wakitumaini kukutana na Yesu. Watoto wamo. Na tusidhani ni mambo ya Pwani. Aprili 2025, Opapo, karibu na Rongo, kaunti jirani ya Migori, polisi waliwatoa watu 57 waliokuwa wakiishi ndani ya boma la kanisa moja. Miongoni mwa watu wa aina hii wapo waliouza mashamba, walioacha kazi, waliowatoa watoto shuleni. Kama kipimo cha imani ni kutoa moyo wote, hawa wametushinda sisi sote wa kusikiliza mahubiri kwa spidi.

Rafiki yangu mmoja, ambaye aliacha kanisa akiwa chuo, huniambia hapo ndipo hoja inapoisha: moyo wote ni hatari, baki na nusu, nusu ni afya. Naelewa kwa nini anasema hivyo. Kizazi chetu kimeona mengi. Lakini siamini kwamba tofauti kati ya Dani na Shakahola ni ya kiasi, ati Dani alitoa asilimia sitini na wale wakatoa mia. Nadhani walikuwa wanatoa vitu tofauti, kwa watu tofauti. Walioingia msituni waliombwa wavunje mazungumzo na kila mtu anayewajua: mwalimu, daktari, mama mkwe, jirani mwenye domo. Dani aliambiwa arudi kwa mtu yule yule aliyemkosea, mtu aliyemjua vizuri kuliko mchungaji yeyote, na ambaye alikuwa na haki ya kuinua jembe na kusema limetumika. Nyieke hakuwa mcha Mungu hasa. Alikuwa na hasira. Lakini neno lake lilikuwa na ukweli ambao ndugu chini ya mti, pamoja na haleluya zao, wasingeweza kumpa Dani.

Marko anapoeleza amri kuu, Yesu anaongeza akili juu ya moyo, roho na nguvu. Amri ya zamani katika Kumbukumbu la Torati ina vitu vitatu tu. Sijui mahubiri mengi juu ya hiyo nyongeza. Nikiwa pale sokoni nilikuwa na moyo, roho na nguvu, na akili nilikuwa nimeiacha inishikie simu.

Huyo rafiki yangu ana hoja nyingine, nzuri zaidi. Anasema kurudisha pesa ya watu hakuhitaji Yesu. Mwislamu atarudisha, asiye na dini atarudisha, ni ustaarabu tu. Nakubali, hakuhitaji. Wapo watu wasioamini chochote ambao nikiwa na pesa zangu ningewaachia kabla ya kuniachia mimi. Ila niseme ukweli, miaka miwili yote sikukosa kujua mema na mabaya. Ningeweza kukuandikia makala kuhusu maadili ya mweka hazina. Nilichokosa ni uwezo wa kuonekana mwizi na bado nikaendelea kuwa mtu. Nilikuwa na sura ya kulinda, na kulinda sura kunakula moyo kila siku, kidogo kidogo, kama kodi. Dani anaamini kwamba kuna Mmoja ambaye alishamwona na jembe begani akielekea kwa mama yake, usiku ule wa wizi, na hakuondoka. Kwa hivyo hakuwa na kitu cha kulinda tena. Kama kuna moyo wote, nafikiri unafanana na hivyo zaidi ya unavyofanana na mkono ulioinuliwa. Sijui kama nimefika hapo. Nadhani sijafika.

Siku iliyofuata nilimwambia. Alikuwa anaanika mtama kwenye turubai, nikasimama kama mtoto wa shule.

"Dani, gari halikuwa sitini na nane."

"Lilikuwa arobaini na tano," akasema. "Dereva alikula hapa kwangu kabla arudi. Nilimuuliza."

Miaka miwili na zaidi. Alikuwa anajua wakati ule aliponitumia kuku Krismasi, alikuwa anajua aliponiombea nipate kazi mpya. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Halafu mwaka huu nikaona nazeeka, nikauliza."

Yeye alikuwa ameuza mbuzi kwa ajili ya ule mchango. Nikataka kumlipa hapo hapo, nikatoa simu. Akanikataza kwa mkono uliojaa mtama. Mbuzi alimtoa kwa mtoto wake, alisema, hadai. Niende kwa wenyewe.

Grupu la kamati lilikuwa bado hai. Siku hizi lina picha za maua na "heri ya mwezi mpya". Niliandika ujumbe nikafuta, nikaandika nikafuta. Dani hasomi Kiswahili vizuri, akataka nimsomee kwa sauti. Rasimu ya kwanza ilisema kulikuwa na makosa ya hesabu.

"Nani alikosea hesabu?" akauliza.

Nikaandika upya. Kwamba nilichukua 23,000 za mazishi nikalipa kodi ya nyumba yangu, na nikaandika uongo kwenye ripoti. Nikatuma kabla akili haijapata nafasi ya kujitetea. Nakiri kwamba sekunde ile sikuhisi nuru yoyote. Nilihisi kutapika.

Tiki zikawa buluu moja baada ya nyingine. Binamu mmoja akatuma vile viganja vya kuomba. Mwingine akataka hesabu yote ikaguliwe upya pamoja na bili ya hospitali, na ana haki. Shangazi mmoja aliondoka kwa grupu bila neno. Baba mkubwa, aliyekuwa mwenyekiti, aliandika "Tumeona," na mpaka leo hajashika simu yangu. Hakuna aliyeandika Mungu akuzidishie.

Mama mdogo, mjane, alipiga usiku. Mimi katika hesabu zangu zote za dhamiri nilikuwa nimeiona ile pesa kama ya kamati, kitu kisicho na uso. Nilikuwa nimesahau, ama nilikuwa nimehakikisha nimesahau, kwamba kilichobaki baada ya mazishi alikabidhiwa yeye. Hakupiga kelele. Alisema muhula ule mtoto wake wa pili alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, akakaa wiki tatu. Akataja wiki hizo moja moja. Ya kwanza walidhani atarudi Jumatatu. Ya pili alianza kwenda shambani na Dani. Ya tatu akaacha kuuliza.

Nikasema samahani, mama.

"Nimesikia," akasema. "Utalipa lini?"

Tukakubaliana kwa mafungu, kila tarehe tano, kwa laini yake mwenyewe na si ya mtu mwingine. Kufikia sasa nimelipa 10,500. Mtoto yuko kidato cha tatu, na tulipokutana Pasaka alinisalimu kwa mkono kama mgeni. Mwezi huu nilituma 3,500 saa kumi na mbili asubuhi kabla sijaingia matatu. Jibu lake lilikuja nikiwa tumekwama Jogoo Road, neno moja: "Imefika."